Giza la Unguja: Kebo Moja na Hatari Iliyohamia Uani

Historia ya umeme katika kisiwa cha Unguja imezoeleka kuandikwa kama historia ya mwanga, yaani ya majumba yaliyowashwa taa, mitaa iliyosimikwa nguzo na vijiji vilivyofikiwa na laini. Upande wake wa pili, ule wa namna watu walivyojifunza kujihadhari na umeme, haujashughulikiwa sana, na huenda sababu ni kwamba kwa muda mrefu kazi ya kujihadhari ilihesabiwa kuwa ya shirika la umeme na mafundi wake, si ya mwenye nyumba. Matukio mawili yaliigeuza hali hiyo: kukatika kwa umeme kulikoanza tarehe 21 Mei 2008 na kudumu hadi 18 Juni mwaka huohuo, na kule kulikoanza tarehe 10 Desemba 2009 na kuendelea hadi mwezi Machi 2010. Katika vipindi hivyo viwili hatari ya umeme haikuondoka pamoja na umeme wenyewe, bali ilihama kutoka kwenye nguzo na vituo vilivyozungushiwa uzio na vibao vya HATARI, ikaingia uani, ukumbini na chini ya ngazi za nyumba, mahali ambapo hapakuwa na fundi wala kibao.

Mwanzo wa umeme Zanzibar ulikuwa jambo la fahari zaidi kuliko la matumizi. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, huhesabiwa kuwa la kwanza visiwani kuwekwa taa za umeme, na baadaye likatiwa lifti, kiasi kwamba jina lake la nyumba ya maajabu halikuhitaji kuelezewa. Karne ya 20 ilipoanza umeme ulitoka kwenye majumba ya utawala ukaingia kidogo kidogo mitaani, na kwa miongo mingi ulizalishwa kisiwani humohumo kwa mitambo ya mafuta, ambayo kituo chake kilichojulikana zaidi kilikuwa Saateni, pembezoni mwa mji. Mji Mkongwe haukuwa mahali pepesi pa kupitisha nyaya. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa masika na kuushikilia kwa wiki kadhaa, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba waya unaotoka nyumba moja kwenda nyingine hupita karibu na dirisha la jirani. Waya ulioanza kuchakaa ganda katika ukuta wa namna hiyo huvujisha umeme polepole, na dalili ya kwanza ambayo wakaazi huipata ni kule kutetemeka kidogo kwa kiganja kinapogusa ukuta baada ya mvua.

Nje ya maeneo yaliyofikiwa na umeme watu waliendelea na taa za mafuta, na hapa pana jambo ambalo waandishi wa maendeleo hulipuuza. Kibatari, ambacho ni kikopo chenye utambi usiokingwa, kandili yenye chemni ya kioo, na karabai inayopigwa pampu ili mafuta ya taa yatoke kwa shinikizo na kuwaka kwa mwanga mweupe, vyote vilikuwa na masharti yake, na masharti hayo yalijulikana na kila mtu aliyekulia katika nyumba yenye taa hizo. Mtoto alijua mapema kwamba kibatari hakijazwi mafuta kikiwa kinawaka, kwamba hakiwekwi chini ya makuti wala karibu na chandarua, na kwamba mafuta ya taa yenye harufu ya petroli hayatiwi katika taa yoyote, kwa kuwa mchanganyiko huo hulipuka. Ilikuwa elimu kamili ya usalama isiyokuwa na kitabu, na iliwezekana kwa sababu moto huonekana, hunuka na hutoa moshi kabla ya kudhuru. Umeme hauna tabia hiyo, na elimu ya kibatari haikuweza kuhamishwa moja kwa moja kwenye swichi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 huduma ya umeme ikawa chini ya shirika la serikali, na mwaka 1980 yakafanyika mabadiliko yaliyoamua kila kilichofuata. Kebo ya chini ya bahari ililazwa kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, kusini magharibi ya Unguja, ikiwa na uwezo wa kupitisha megawati 45 kwa msongo wa kilovolti 132. Msongo, au volteji, ni nguvu inayousukuma umeme katika waya, na hukuzwa sana kwa safari ndefu ili umeme usipotee njiani, kisha hushushwa hatua kwa hatua kwa mitambo iitwayo transfoma hadi kufikia volti 230 zinazoingia nyumbani. Umeme wa maji wa bara ulikuwa nafuu kuliko dizeli ya kuletwa kwa meli, kwa hiyo mitambo ya Saateni ilipoteza umuhimu na kuzeeka bila kufufuliwa. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, laini zilisambazwa mashamba, na vijiji vya pwani ya mashariki kama Uroa, ambako mwanaanthropolojia Tanja Winther alifanya utafiti wake mrefu kuhusu maisha na umeme, viliunganishwa kimoja baada ya kingine.

Mfumo wa kebo moja ulikuwa na udhaifu unaoeleweka kwa urahisi, lakini ulikuwa pia na sifa ya usalama isiyotajwa mara nyingi: kisiwa kizima kilikuwa na mlango mmoja wa umeme. Mlango huo ukifungwa, kila waya kisiwani ulikuwa mfu, na fundi wa laini aliyepanda nguzo baada ya kuthibitishiwa kwamba njia imezimwa kituoni alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba hakuna chanzo kingine kitakachomfikia kutoka nyuma. Mwenye nyumba naye hakuwa na la kujua zaidi ya kulipa ankara na kutochezea mita. Mambo yaliyomhusu yeye mwenyewe, yaani ya ndani ya nyumba, yalishughulikiwa kwa mazoea, na baadhi ya mazoea hayo yanastahili kutazamwa kwa karibu.

Soketi inayotumika Zanzibar, kama ilivyo Tanzania Bara na Kenya, ni ile ya matundu matatu ya mstatili iliyotokana na kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, na kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia rahisi ya kwenda ardhini ili usipitie mwilini mwa mtu. Matundu mawili ya chini, yenye umeme, yamefunikwa kwa vizibo vya ndani vinavyofunguka pale tu pini ya ethi, ambayo ni ndefu kuliko nyingine, inapoingia kwanza. Ni ubunifu wa kupendeza uliokusudiwa kuzuia vidole vya watoto na misumari. Hata hivyo vifaa vingi vilivyoingia madukani vilikuja na plagi ya pini mbili, na katika nyumba zisizohesabika jibu lilikuwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu, njiti ya kibiriti au kijiti cha ufagio, vizibo vikafunguka, kisha pini mbili zikasukumwa mahali pake. Kwa tendo hilo moja kinga mbili huondolewa, ya kizibo na ya ethi, na kifaa hufanya kazi vizuri kabisa, jambo ambalo ndilo huifanya desturi hiyo isiachwe.

Ethi yenyewe ina shida yake ya kienyeji. Nusu ya mashariki ya Unguja ni ardhi ya uwanda, yaani ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba juu yake, na fimbo ya chuma iliyopakwa shaba inayopaswa kupigiliwa chini ili kuunganisha nyumba na ardhi hukwama kwenye jiwe kabla haijafika kwenye udongo wenye unyevu. Jiwe kavu hupitisha umeme kwa shida. Fundi mwangalifu hutafuta ufa, huchimba shimo na kulijaza udongo, au huzika fimbo kadhaa na kuziunganisha. Fundi mwenye haraka huikata fimbo iliyobaki juu, na kwa anayetazama kazi zote mbili huonekana sawasawa. Katika siku za kawaida tofauti kati yao haionekani kamwe.

Kebo ilipofeli Mei 2008, Unguja ilikaa karibu mwezi mmoja bila umeme wa laini. Pemba haikuguswa, kwa kuwa wakati huo ilikuwa bado inategemea mitambo yake ya dizeli ya Wesha iliyokuwa ikilalamikiwa miaka yote kwa gharama na uchakavu, na ni kejeli ya historia kwamba kisiwa kilichoachwa nyuma ndicho kilichobaki na taa. Pigo la kwanza Unguja lilikuwa la maji, kwani maji ya mji husukumwa kwa pampu za umeme kutoka visimani, na foleni za ndoo zikarejea kwenye visima vya zamani ambavyo vingi vilikuwa vimesahaulika. Mwanauchumi Alfredo Burlando, aliyekichunguza kipindi hiki, alionyesha kwamba walioumia zaidi kimapato ni wale ambao kazi zao zilihitaji umeme, na kwamba idadi ya waliozaliwa iliongezeka miezi minane hadi kumi baadaye, matokeo ambayo magazeti ya nje yaliyapenda kupita kiasi na kuyafanya mzaha. Uchunguzi wake mwingine, kuhusu kupungua kwa uzito wa watoto waliozaliwa baada ya giza, haukupata umaarufu huo ingawa ndio mzito zaidi.

Giza la pili, lililoanza Desemba 2009, liliukuta mji umekwishajifunza jambo moja, nalo ni kununua jenereta. Hoteli na hospitali zilikuwa nazo tangu awali, na ni kwa jenereta ambapo tamasha la Sauti za Busara lilifanyika Ngome Kongwe Februari 2010 kisiwa kikiwa bado gizani. Jambo geni lilikuwa jenereta ndogo ya petroli, yenye nguvu isiyozidi kilowati moja au mbili, inayobebeka kwa mkono mmoja, iliyotoka dukani ikaenda kwenye saluni, duka la barafu, banda la kuchajia simu na nyumba ya familia. Kila mmoja aliyeinunua aligeuka kuwa mzalishaji wa umeme, kwa uwezo mdogo lakini kwa hatari zilezile za kituo kikubwa, na hakuna sharti lolote la elimu ya kibatari lililotosha kumwongoza.

Hatari ya kwanza ilikuwa ya hewa. Injini inayochoma petroli hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivi kwamba damu huendelea kuzunguka ikiwa haina hewa ya kuupa mwili. Anayeivuta huumwa kichwa, huhisi kichefuchefu na usingizi, na akilala hutokea asiamke. Moshi unaoonekana na kunuka kutoka kwenye jenereta si dalili ya kutegemewa, kwa kuwa gesi hii huwapo hata moshi unapokuwa mwepesi. Kanuni ya jenereta ni kwamba ikae nje, mbali na milango na madirisha, kwa umbali usiopungua mita sita. Lakini kanuni hiyo imetungwa kwa nyumba zenye viwanja. Nyumba ya Mji Mkongwe ina ua wa ndani uliozungukwa na vyumba pande zote nne, ambao ulijengwa kwa hekima ili kuvuta upepo na kuusambaza vyumbani, na jenereta ikiwekwa pale upepo huohuo huusambaza moshi. Kuiweka kichochoroni ni kumpelekea jirani gesi dirishani, na kuiacha nje usiku ni kuwakabidhi wezi. Kwa hiyo ilivutwa ndani, chini ya ngazi au nyuma ya mlango mkubwa. Waliofanya hivyo hawakukosa akili. Walipima hatari mbili wakachagua kujikinga na ile waliyoijua.

Petroli nayo ililazimika kuhifadhiwa nyumbani, katika madumu ya mafuta ya kula au chupa za maji ambazo plastiki yake si ya kazi hiyo, mara nyingi jikoni karibu na jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto, na injini iliyotoka kuzimwa huwa na joto la kutosha kuuwasha. Ndiyo maana jenereta husubiriwa ipoe kabla ya kuongezwa mafuta, sharti ambalo kwa kweli ni lile la kibatari lililovaa nguo mpya, na ambalo wazee walilielewa haraka kuliko vijana.

Hatari iliyo ngumu zaidi kueleza, na iliyowagusa watu wasiokuwamo kabisa ndani ya nyumba, ni ya umeme kurudi kwenye laini. Jenereta ndogo ina soketi moja au mbili, nayo nyumba ina taa, feni na friji vilivyofungwa katika nyaya za ukutani, na njia ya mkato ya kuviunganisha ni kutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja ukachomekwa kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi yoyote ya nyumba. Vishoka, jina ambalo Watanzania huwapa mafundi wa mitaani wasio na leseni, walitengeneza nyaya hizo kwa bei ndogo. Waya huo ukichomolewa upande mmoja wakati mashine inanguruma, pini zake zilizo wazi zina volti 230. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba swichi kuu ya nyumba isipozimwa, umeme wa jenereta hutoka kupitia mita, hufuata waya wa mtaani na kufika kwenye transfoma. Transfoma haichagui upande: inayoshusha volti 11,000 kuwa 230 mchana wa kawaida ndiyo hiyohiyo hupandisha 230 kuwa 11,000 umeme ukiingilia upande wa pili, na fundi aliye juu ya nguzo, aliyethibitishiwa kwamba njia imezimwa kituoni, hukutana na umeme kutoka nyuma, mahali ambapo tangu 1980 hapakuwahi kuwa na chanzo.

Baadhi ya watu hujibu kwamba jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa mzima, kwamba italemewa na kuzimika kabla ya kudhuru. Jibu hilo ni la kweli pale nyumba zote za mtaa zimeunganishwa kwenye waya uleule, si pale waya umekatika hatua chache kutoka nyumbani au majirani wamezima swichi zao kwa kuogopa umeme usirudi ghafla, na mahali waya ulipokatika ndipo hasa fundi huenda. Dawa yake ni swichi ya kugeuza, inayoitwa na mafundi chenji-ova, ambayo kwa umbo lake haiwezi kuunganisha nyumba na laini na jenereta kwa wakati mmoja: mkono wake ukiwa juu ni shirika, ukiwa chini ni jenereta, na katikati ni hakuna. Kifaa hiki si cha ajabu wala cha kisasa. Tatizo lake ni kwamba hakiongezi mwanga hata kidogo, kwa hiyo mnunuzi mwenye fedha za kutosha jenereta tu hukiacha dukani.

Urefu wa giza ulizaa hatari nyingine ya taratibu. Waya uliokaa miezi mitatu bila umeme huzoeleka, na mtu huanza kuuona kama kamba. Umeme unaporejeshwa, hata hivyo, hurudi kwa majaribio, sehemu kwa sehemu, huwashwa na kuzimwa mara kadhaa mafundi wakitafuta hitilafu, na si kila mtaa hupata taarifa. Ndani ya nyumba kuna pasi iliyoachwa imechomekwa tangu siku ya kwanza na jiko la umeme ambalo kitufe chake hakikugeuzwa, na juu yake pengine pameshawekwa nguo au mabunda ya karatasi. Desturi ya kuzima kila kifaa umeme unapokatika, na kuacha swichi ya taa moja tu ikiwa imewashwa ili itoe habari ya kurudi kwake, ni rahisi na yenye akili, kwa kuwa inakinga pia vifaa dhidi ya msukosuko wa volteji katika dakika za kwanza, wakati maelfu ya friji na pampu huanza kuvuta umeme kwa pamoja.

Baada ya Machi 2010 jitihada kubwa zilielekezwa kwenye kuzuia giza lingine. Mwaka huohuo Pemba iliunganishwa na bara kwa kebo kutoka Tanga, mitambo ya dizeli ya akiba ya takriban megawati 25 ikasimikwa Mtoni, na mwaka 2013 kebo mpya ya megawati 100 kati ya Ras Kiromoni na Ras Fumba ikazinduliwa, iliyogharamiwa kwa fedha za Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Kwa upande wa ugavi haya yalikuwa mafanikio yasiyobishaniwa. Kwa upande wa usalama yalisimamisha darasa katikati, kwa maana jenereta zilirudishwa stoo pamoja na nyaya zake za plagi mbili, na kila umeme unapokatika kwa saa chache hutolewa tena, zikiwa mikononi mwa watu waliojifunza kuziwasha wakati wa dharura na ambao hawakuwahi kufundishwa kuzifunga.

Siku hizi jenereta inapokezana na betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri au wa paneli za jua uwe kama ule wa ukutani. Hewa ya sumu haimo tena, na petroli haimo, lakini umeme kurudi kwenye laini umebaki palepale. Inveta bora zilizounganishwa na laini hujizima zenyewe mara laini inapokufa. Zile za bei ya chini zinazofungwa na kishoka kwenye saketi ya nyumba hazina habari hiyo. Zaidi ya hayo, fundi wa mwaka 2010 aliyesikia ngurumo uani alijua kwamba nyumba ile ina umeme wake, ilhali inveta haina sauti. Kwa sababu hiyo hatua ambazo zamani zilionekana kama urasimu, za kupima waya kwa kipimo kabla ya kuugusa na kisha kufunga nyaya za muda zinazounganisha laini na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi, ili umeme wowote utakaotokea uishie chini kabla ya kumfikia mtu, ndizo zinazobeba uzito wote juu ya nguzo.